Kidonda kidogo na tumbo linalosokota: dawa za nyumbani za Kigoma, zipi tubaki nazo na zipi tuache

MamaDuka_Gungu (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana.

Nina duka la dawa muhimu hapa Gungu, Kigoma mjini. Haipiti wiki bila mtu kuingia na kidonda kilichopakwa kitu: majivu, unga wa kahawa, dawa ya meno, mawese, utomvu wa mbono, mafuta ya breki. Anayemfuata kashika tumbo, tangu alfajiri keshakunywa majani ya mpera, mubirizi (ule mti wa majani machungu), maji ya magadi na shubiri juu yake, halafu ananiambia, "Dada, nipe cha kukata hii kitu."

Siwacheki. Bibi yangu wa Buhigwe alitulea kwa majani na mizizi na wajukuu tumekua. Ninachotaka ni tuziweke hizi dawa mezani moja moja, tuseme ipi inasaidia, ni sehemu gani ya mmea, na mwisho wake ni wapi.

Dukuduku langu nilitoe mapema: watu wanaruka maji. Kidonda hakijaoshwa lakini kimeshapakwa dawa. Mtu kaharisha usiku kucha, hajanywa hata kikombe, anatafuta cha kufunga. Mitishamba mingi nitakayoitaja naiunga mkono, ila inakuja ya pili. Sisi tunaoishi kando ya ziwa ndio tungepaswa kulijua hilo kuliko wote, lakini wapi.

Naanza na vidonda, tumbo nitarudi nalo jioni nikishafunga hesabu.

Naongelea vidonda vya kawaida: umejikata ukimenya muhogo, umechubuka ulipoanguka na pikipiki, mawese yamekurukia jikoni. Jeraha lililofunguka mpaka unaona mafuta ndani, au damu isiyosimama baada ya kuikandamiza dakika kumi mfululizo, hilo si la uzi huu. La mbwa nalo si la uzi huu, ila lianzie nyumbani: sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha ukimbilie chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuna jani la kazi hiyo.

Kuosha kwenyewe hakuhitaji utaalamu. Sabuni ya mche inatosha, hata hii ya mawese tunayotengeneza wenyewe. Maji ya bomba, au yaliyochemshwa yakapoa. Toa mchanga wote hata kama mgonjwa anapiga kelele, maana mchanga ukibaki ndani hakuna dawa ya juu itakayoufuata. Damu ikandamize kwa kitambaa safi, na usifunue kila dakika kuchungulia.

Baada ya hapo, kwangu mimi asali ndiyo namba moja. Asali mbichi ya Kakonko au Kibondo, isiyochakachuliwa. Sukari yake ni nyingi mno, inavuta maji kutoka kwenye vijidudu mpaka vinakauka. Ina tindikali. Halafu nyuki huacha humo kimeng'enya ambacho kikikutana na majimaji ya kidonda kinatoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, ile ile tunayouza kwenye vichupa, ila hii inatoka taratibu na haiunguzi nyama. Huko Ulaya kuna asali ya hospitali kabisa, imepigwa mionzi ya gama kuua mbegu za vijidudu. Yetu haijapigwa mionzi, kwa hiyo iishie kwenye mikato midogo na michubuko. Usimimine kidondani moja kwa moja ikachuruzika mpaka siafu wakufuate. Paka kwenye kipande cha gozi, weka, funga, badilisha kila siku au kikilowa.

Shubiri (hii yenye miba tunayopanda uani): ute mweupe wa ndani ni mzuri kwa kuungua kidogo. Ukikata jani, lisimamishe kwanza ule utomvu wa njano uchuruzike wote, huo haupakwi, unawasha. Menya, chukua ute peke yake.

Mbono kaburi: mnaukumbuka, tulikuwa tunavunja kikonyo tunapuliza mapovu kama ya sabuni. Utomvu wake unagandisha damu kweli na nimeuona ukifanya kazi kwenye mkato wa wembe. Lakini mbegu zake ni sumu. Mtoto akila mbegu za mbono anatapika na kuharisha vibaya, na kila msimu zikianguka kuna mtoto anayezidhania karanga.

Mawese kwenye kuungua: hapa najua nitagombana na Kigoma nzima. Acheni. Kuungua kunataka maji ya kawaida yanayotiririka dakika ishirini. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta. Mafuta yanafungia joto ndani, halafu ukifika zahanati inabidi waanze kuyasugua kwenye ngozi mbichi. Kidonda kikishapoa na kuanza kujifunga, baadaye kabisa, ngozi ikiwa kavu na inavuta, hapo mawese yalainishe utakavyo.

---

Mvuvi_Katonga

Shikamoo mama duka. Umeongea, ila hebu tufikirie na sisi tulioko majini usiku. Kioo cha karabai kimepasuka, mkono umechanika, nchi kavu ni mbali, sabuni hakuna. Sisi tunapaka mafuta ya taa na tunaendelea kuvuta dagaa. Wengine wanakojolea. Na maji ya ziwa ndiyo hayo hayo tunaoshea. Tufanyeje?

---

MamaDuka_Gungu

Marahaba mwanangu. Beba lita moja na nusu ya maji ya kunywa na kipande cha sabuni kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kilichopigwa pasi. Si mzigo kwa mtumbwi wenye nyavu zote hizo. Maji ya ziwa yakiwa ndiyo pekee yaliyopo, suuza uchafu mkubwa tu, kandamiza, funga, na ukifika mwaloni uoshe upya kwa maji safi na sabuni. Mafuta ya taa yanaunguza nyama na kidonda kinachelewa kupona. Hilo la kukojolea nimelisikia tangu nikiwa mdogo, sijui nani alilianzisha. Mkojo si dawa, mkuu.

---

Tabibu_Kasulu

Mleta mada amegusa pazuri, niongeze moja ambalo tusipolisema uzi huu utakuwa na pengo: pepopunda.

Mbegu za kijidudu chake zinakaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, zinaweza kuishi miaka. Zinapenda kidonda kirefu chembamba kisichoingiza hewa, kama cha msumari, mwiba au jembe. Kwa hiyo kidonda kinachotisha kwa damu kinaweza kuwa salama kuliko kitobo kidogo usichokijali. Ukiongeza majivu ya jikoni, udongo au samadi juu yake, umepanda mwenyewe. Taya zikianza kukaza, hakuna mzizi wa kurudisha hapo.

Akina mama wengi wana kinga kwa sababu huchanjwa wakiwa wajawazito. Sisi wanaume wengi chanjo ya mwisho ni ile ya utotoni kwenye kadi iliyoliwa na mchwa. Kidonda kichafu, na chanjo ya mwisho imepita miaka mitano au huikumbuki, nenda kachome. Na tafadhali, kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe kitu chochote cha kienyeji. Si majivu, si mawese, si mavi ya ng'ombe.

Kwa mwiba wa kambale nina ushauri wa maji pia: loweka mkono kwenye maji ya moto, ya kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi. Maumivu yanapungua vizuri. Kisha angalia kama ncha ya mwiba imebaki ndani.

---

Mnyamwezi_Halisi

Salaam majirani wa mwisho wa reli. Nimeona asali inatajwa ya Kakonko na Kibondo, Tabora imerukwa kana kwamba treni haisimami kwetu. Chuo cha nyuki cha nchi kiko wapi? Kiwanda cha ushirika wa wafuga nyuki kilijengwa wapi kama si Kipalapala? Basi.

Niseme mawili. Kwanza, kuna asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo wasiouma. Hii ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu, bei yake iko juu na watu huiita dawa ya kila kitu. Kwa kikohozi na kulamba sawa. Lakini maji yake ni mengi, inachachuka upesi. Kwa kidonda mimi nachukua ya nyuki wakubwa, nzito, iliyokomaa kwenye masega yaliyofunikwa, isiyopikwa motoni. Asali nzuri haitakiwi kuzidi maji asilimia 20. Na yale majaribio ya kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa asali yasikudanganye, wachakachuaji wanayajua kuliko wewe. Nunua kwa mtu unayejua mizinga yake iko pori gani.

Pili, mninga. Ukikwangua gome lake linatoa utomvu mwekundu kama damu. Wazee huupaka kwenye mikato na michubuko, unakausha na kukaza ngozi kwa sababu ya tanini, jamaa yule yule anayefanya chai ya rangi ikukaze ulimi. Kama unachukua, kwangua upande mmoja, kidogo. Kuna watu wanazungushia gome shina zima, mti unakufa umesimama. Mninga wa umri wa baba yako unakufa kwa sababu ya kidole kilichokatwa na kisu cha nyanya! Hilo linaniuma kuliko kidonda chenyewe.

---

Bint_Ujiji

Nafuatilia. Manjano je? Kwetu ndiyo dawa ya kila kidonda.

---

MamaDuka_Gungu

Manjano yana kitu ndani, sikatai. Ila huu unga wa sokoni umesagwa kwenye mashine iliyosaga pilipili, umekaa kwenye gunia wazi, wakati mwingine umeongezwa rangi. Ukiunyunyiza kidondani unaganda, usaha unajificha chini yake na huoni kinachoendelea. Ubaki kwenye mchuzi.

Haya, tumbo.

Nalo naligawa. Kuna kuharisha kwa kawaida, kuna gesi na kiungulia, kuna choo kigumu, kuna minyoo. Kila moja ina dawa yake, na kosa kubwa la mtaani ni kumpa mwenye kuharisha dawa ya kufungua choo, na mwenye choo kigumu dawa ya kufunga, kwa sababu zote zinaitwa "dawa ya tumbo".

Kuharisha. Majani ya mpera yanafanya kazi. Chukua yale machanga ya nchani, yenye wekundu kidogo, si yale mapana magumu yenye madoa. Konzi moja, osha, chemsha kwenye vikombe viwili vya maji mpaka yawe na rangi ya chai iliyokolea, chuja, kunywa nusu kikombe mara mbili au tatu kwa siku. Tanini inakaza utumbo, na ndani kuna vitu vinavyopunguza mwendo wake na msokoto. Ncha za vidole zikigusa ile chai zinanuka mpera siku nzima, ndivyo utajua umechemsha vizuri.

Lakini mpera hauongezi maji uliyopoteza. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, hata hii yetu ya Uvinza. Vijiko vilivyosawazishwa kwa kisu, si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Kama pakiti ya ORS ipo, hiyo ni bora zaidi kwa sababu ina na madini mengine. Kunywa kila ukitoka chooni.

Choo chenye damu, homa kali, au kuharisha majimaji meupe kama ya kuoshea mchele: weka mpera chini. Kuna kuharisha ambako utumbo unatoa uchafu, ukiufunga unaufungia ndani. Na haya ya maji ya mchele tuliyaona mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga na kipindupindu kikalipuka. Mtu anakauka ndani ya saa chache. Kilichowaokoa waliookoka ni maji, ya mdomoni na ya dripu.

Choo kigumu. Ukwaju, papai lililoiva, maji. Shubiri nayo inafungua, ule utomvu wa njano niliosema usipakwe ndio unaoharisha. Unafanya kazi kwa nguvu mno na unasokota. Mjamzito asiguse. Mwenye kuuzoea kila wiki, utumbo wake unasahau kazi.

Gesi na kiungulia. Tangawizi mbichi iliyopondwa kwenye maji ya moto ni nzuri kwa kichefuchefu na kujaa tumbo. Wenye kiungulia tangawizi nyingi inaweza kuwawashia zaidi, wajaribu kidogo. Maji ya magadi yanazima tindikali kweli, lakini ni chumvi ile ile kwa mtu mwenye presha. Na jamani, ugali wa muhogo na maharage saa nne usiku halafu unalala saa nne na robo, hapo unamlaumu nani?

Minyoo. Mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, zikachanganywa na asali, zilijaribiwa Nigeria kwa watoto 60 na matokeo yakachapishwa 2007: wengi waliopewa walitakata choo kuliko waliopewa asali tupu. Ni utafiti mdogo, lakini unaonyesha wazee hawakubahatisha. Pamoja na hayo, albendazo ya miligramu 400 ni kidonge kimoja, bei yake haifiki soda, na watoto hupewa bure shuleni. Mimi hapo sina ushabiki.

---

Kijana_wa_Buhingu

Mama duka umetaja mubirizi mwanzoni ukaupita. Mimi kwetu ni huku Mahale, niwape kisa ambacho wageni wanakuja kutoka mbali kukisikia na sisi wenyewe hatukijui.

Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa msituni Mahale na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtu wa hifadhi na mjuzi wa dawa za kwao. Walikuwa wanamfuata sokwe jike mgonjwa. Amelegea, analala lala, mkojo umekolea, choo hakiko sawa. Yule sokwe akaenda kwenye mjonso, ndiyo huo mubirizi, kitaalamu Vernonia amygdalina. Akavuta tawi changa, akamenya gome kwa meno, majani akatupa, akatafuna kiini cha ndani akinyonya maji yake. Machungu yale mnayajua. Wenzake waliokuwa wazima hawakuugusa. Mzee Mohamedi akamwambia mwenzake kwamba hiyo ni dawa, na Watongwe wanaitumia kwa tumbo na minyoo. Kesho yake sokwe amechangamka, anakula.

Baadaye wakapima, wakakuta ndani ya kiini kuna vitu vinavyoudhi minyoo. Na kwenye majani na gome, vile alivyotupa, kuna kemikali kali zaidi inayoweza kumdhuru mnyama. Sasa angalia: sokwe anajua sehemu ya mmea, na mwenzangu na mimi tunang'oa mti na mizizi tunachemsha wote kwenye sufuria moja.

Tena Gombe na Mahale kote wanameza majani fulani yenye manyoya ya kukwaruza, bila kutafuna, wanayakunja ulimini asubuhi na mapema. Yanatoka mazima kwenye choo, na minyoo imenaswa humo.

---

Mnyamwezi_Halisi

Kwa hiyo Waha mna vyuo vikuu vya sokwe na bado mnapaka dawa ya meno 😂

---

MamaDuka_Gungu

😂😂 Kijana umenifunga mdomo vizuri. Bibi yangu naye alikuwa anafikicha majani ya mubirizi kwenye maji baridi, anamwaga maji ya kwanza, anafikicha tena, ndipo anatoa kikombe kidogo cha kahawa, si zaidi. Wanijeria na watu wa Kameruni wanayaosha hivyo hivyo mpaka uchungu upungue wakapika kama mboga. Angalizo langu moja: una kisukari na unameza vidonge, uwe mwangalifu na mubirizi, unaweza kushusha sukari juu ya dawa inayoshusha sukari.

---

Mzee_wa_Mizizi

Nimesoma kimya tangu mchana. Mimi ni tabibu wa tiba asili, nimesajiliwa, nina cheti ukutani. Tangu mwaka 2002 kuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala na tuna Baraza letu. Pale Muhimbili kuna taasisi nzima ya dawa asili. Aspirini ilianzia kwenye gome la mti. Dawa mseto ya malaria imetoka kwenye pakanga ya Wachina, na yule mama Tu Youyou akapewa Nobel 2015. Lakini mtu wa duka akifungua mdomo, mitishamba "ni ya pili".

Sasa nikuulize dada yangu. Mtu akiingia dukani kwenu na tumbo, mnampima? Mnampa Flagyl. Mwenye gesi Flagyl, aliyekula kiporo Flagyl, aliyeogopa mtihani Flagyl. Nani anabahatisha hapo, mimi au nyinyi?

---

MamaDuka_Gungu

Shikamoo mzee wangu. Hilo la Flagyl linatokea, na mara nyingi mteja mwenyewe anaingia akiitaja kwa jina, ukimnyima anavuka barabara. Wengi wanaoharisha hawahitaji antibayotiki kabisa, wanahitaji maji na siku mbili tatu. Kwa hiyo hapo sina la kubishana.

Ila niliposema mitishamba ya pili nilimaanisha ya pili baada ya maji. Vidonge vyangu navyo ni vya pili baada ya maji. Ninachotamani kutoka kwenu ni kipimo. Unga umefungwa kwenye karatasi ya daftari, hauna jina la mti, hauna tarehe, "chota kijiko". Kijiko kipi? Mgonjwa akizidiwa, daktari anauliza amekula nini na hakuna anayejua.

---

Mzee_wa_Mizizi

Marahaba. Hilo la karatasi nakubali, mimi yangu naandika jina, tarehe na kijiko cha chai kwenye kila pakiti. Wanaouza stendi kwa kipaza sauti dawa moja ya magonjwa arobaini wametuharibia jina.

Niongeze onyo moja kutoka upande wetu, watu wasiseme tunaficha. Mwarobaini, majani kidogo kwa mtu mzima ni kitu kimoja. Mafuta ya mbegu zake kumnywesha mtoto mdogo ni kitu kingine, yamewahi kuleta degedege na kupoteza fahamu. Mafuta yale ni ya kupaka. Na utomvu wa minyaa ya uzio usisogee karibu na jicho wala kidonda.

---

Bint_Ujiji

Mimi nina vidonda vya tumbo, huu mwaka wa tatu. Nakunywa juisi ya kabichi, unga wa ndizi mbichi na asali asubuhi. Napata nafuu halafu vinarudi. Kuna mti gani wa kumaliza kabisa?

---

Tabibu_Kasulu

Dada, umeshapimwa au uliambiwa tu? Maana kila maumivu ya chembe ya moyo siku hizi ni "vidonda vya tumbo". Wengi wenye vidonda vya kweli wana bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Aligunduliwa 1982 na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, na Marshall akamnywa mwenyewe kuthibitisha. Anapimwa kwa choo au pumzi, na anatibiwa kwa dawa tatu au nne kwa pamoja, siku kumi hadi kumi na nne bila kuruka. Kabichi na ndizi vinatuliza, ndiyo maana unapata nafuu, lakini bakteria anabaki ndani anakusubiri.

Swali lingine: unameza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa ajili ya mgongo au kichwa?

---

Bint_Ujiji

Diklofenaki, ndiyo. Mgongo. Karibu kila siku 🙈

---

Tabibu_Kasulu

Basi hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Hata mti wa peponi hautashindana na diklofenaki ya kila siku. Nenda kituo cha afya, wakupime, na uwaambie juu ya mgongo pia wakubadilishie. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usisubiri asubuhi.

---

Mama_Naisha

Dada wa Gungu, samahani naingilia. Mwanangu ana miezi minane, anaharisha tangu jana, mara tano leo. Ananyonya. Mama mkwe anataka nimpe maji ya mpera na asali kidogo ayapate vizuri. Nimpe?

---

MamaDuka_Gungu

Asali hapana kabisa. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulambishwa, hata iliyopikwa kwenye uji. Inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo kwa mtu mzima zinapita, kwa utumbo wa mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mpera nao usimpe, utajaza tumbo lake na kitu kisichomrudishia maji. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba mpera tunamwekea yeye.

Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida. Mpe ORS kwa kijiko, taratibu, kila akiharisha. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena polepole. Na zinki: kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, siku 10 mpaka 14 hata kuharisha kukikoma mapema. Kinayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama au maji safi.

Sasa hivi mwangalie: macho yamezama? Utosi umebonyea? Anakojoa? Akilia machozi yanatoka? Ukifinya ngozi ya tumbo inarudi haraka? Choo kina damu?

---

Mama_Naisha

Damu hakuna. Analia na machozi yapo. Amekojoa saa kumi jioni. Ngozi inarudi. Anavuta ziwa vizuri tu.

---

MamaDuka_Gungu

Afadhali. ORS na zinki ninazo. Kikibadilika chochote kati ya hivyo, au akilegea na kukataa kunyonya, usije kwangu, nenda hospitali moja kwa moja hata kama ni usiku wa manane. Kesho asubuhi mpeleke kliniki wamwone hata kama atakuwa anacheza.

---

Mama_Naisha

Asante dada. Niko Mwanga, baba yake anakuja na bodaboda. Mnafunga saa ngapi?

---

MamaDuka_Gungu

Saa tatu usiku, ila namsubiri. Aje na kadi ya kliniki nione uzito.